Kabla ya Gundi: Mwongozo kwa Mlaji Anayenunua Seti ya Kujiundia Gita la Umeme

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa zikiwa vipande ili mnunuzi aziunganishe mwenyewe, zimo seti za kuunda gita la umeme. Mlaji huagiza, mara nyingi kwa njia ya intaneti, na hupokea boksi lenye kiwiliwili cha mbao kisichopakwa rangi, shingo iliyokwisha kutiwa freti, daraja la nyuzi, vikazio, nyaya na vifaa vya umeme. Nchi yenye historia ndefu ya muziki wa dansi, ambamo gita la solo ndilo linaloubeba wimbo, haiwezi kukosa watu wanaotamani kuliunda gita lao kwa mikono yao.

Makala haya yanahusu aina moja ya seti hizo iliyo ngumu zaidi kuliko nyingine, yaani gita la umeme lenye mvungu. Nia yetu si kumfundisha msomaji useremala wote. Tunataka mlaji afahamu jambo moja ambalo likieleweka mapema humwokolea fedha na masikitiko: katika ununuzi wa seti, kuna mpaka kati ya kasoro ya muuzaji na kasoro ya mnunuzi, na mpaka huo ni gundi. Kabla gundi haijagusa mbao, kasoro iliyomo katika boksi ni ya aliyekuuzia. Gundi ikishakauka, ni vigumu mno kuthibitisha kwamba kasoro haikutokana na mkono wako.

Gita la mvungu ni lipi?

Magita mengi ya umeme hutengenezwa kwa gogo la mbao lisilo na uwazi ndani. Gita la mvungu limejengwa kama sanduku: uso, mgongo na mbavu nyembamba, na juu ya uso kuna matundu mawili yenye umbo la herufi f, kama yale ya fidla. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gita la umeme la aina hii, ES-150, mwaka 1936. Mwaka 1958 kampuni hiyohiyo ilitoa ES-335, ambalo lina mbavu zenye uwazi lakini katikati limepitishiwa gogo la mbao kuanzia shingoni hadi mkiani. Seti nyingi zinazouzwa leo huiga mojawapo ya miundo hiyo miwili.

Tofauti hiyo ina maana kwa mnunuzi. Gita la mvungu kamili hutoa sauti yenye joto na huvuma vizuri hata bila umeme, lakini sauti ya amplifaya ikipandishwa sana, uso wake hutetema na kuleta mvumo usiokoma. Gogo la katikati hupunguza tabia hiyo, na pia humpa fundi mbao imara za kushikia skrubu. Kwa anayeunda gita la mvungu kwa mara ya kwanza, seti yenye gogo la katikati huwa na usalama zaidi. Na kwa yule ambaye hajawahi kuunda gita lolote, seti ya gita la gogo zima, ambalo shingo yake hufungwa kwa skrubu badala ya gundi, ndiyo shule nyepesi kuliko zote. Skrubu hufunguliwa; gundi haifunguliwi kwa urahisi.

Bei ya tangazo na bei ya kweli

Bei inayoonekana katika tangazo ni sehemu tu ya gharama. Kabla ya kulipa, andika katika karatasi moja: bei ya seti, usafirishaji, ushuru wa forodha, Kodi ya Ongezeko la Thamani, tozo nyingine za uingizaji, zana, misasa, gundi, vanishi au mafuta, seti ya nyuzi za kubadilisha, na ujira wa fundi endapo utakwama.

Kwa upande wa kodi, kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila kiwango hukokotolewa juu ya bei ya awali. Sivyo. Kwa Tanzania Bara, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwa bidhaa zinazoingizwa nchini hukokotolewa juu ya thamani ya forodha ikiwa imekwisha kujumlishwa na ushuru. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba thamani ya forodha ni shilingi 600,000 na kiwango cha ushuru ni asilimia 10. Ushuru utakuwa shilingi 60,000. Kodi itatozwa juu ya shilingi 660,000 na kuwa shilingi 118,800. Jumla ya nyongeza ni shilingi 178,800, kabla ya tozo nyingine na ujira wa wakala. Kiwango halisi cha ushuru uliza Mamlaka ya Mapato au wakala wa forodha mwenye leseni kabla ya kuagiza, si baada ya boksi kufika.

Jumlisha safu yote, kisha linganisha na bei ya gita lililokwisha kuundwa, jipya au lililotumika. Mara nyingi tofauti si kubwa, na gita lililoundwa nyumbani, hata likiwa zuri, huuzwa kwa bei ya chini likitafutiwa mnunuzi. Kwa hiyo mwenye haja ya chombo cha kupigia wiki ijayo anunue gita kamili. Seti inamfaa yule ambaye kujifunza kazi ni sehemu ya kile anachokinunua.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Muulize kwa maandishi, na uyahifadhi majibu:

1. Je, uso na mgongo ni wa mbao nzima au wa tabaka zilizobandikwa? Tabaka si kasoro. Magita maarufu ya mvungu, likiwemo ES-335, yametengenezwa kwa tabaka. Kasoro ni kuuziwa tabaka kwa jina la mbao nzima.

2. Je, gita ni la mvungu kamili au lina gogo la katikati? Picha ya mbele haiwezi kukujibu swali hili.

3. Je, shingo hubandikwa kwa gundi au hufungwa kwa skrubu?

4. Urefu wa uzi unaotetema ni milimita ngapi? Vipimo viwili vya kawaida ni takriban milimita 628 na 648. Utakihitaji kipimo hiki wakati wa ukaguzi.

5. Ubao wa vidole ni wa mti gani? Mbao za jamii ya Dalbergia, ambayo ndiyo jamii ya mpingo wetu, zimo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, CITES. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika zimelegezewa masharti kwa spishi nyingi za jamii hiyo. Lakini seti ni kitu kisichokamilika, na ofisa wa mpakani anaweza kudai nyaraka. Muuzaji asiyeweza kutaja jina la mti anakuachia wewe swali hilo.

6. Kipande kikiwa na kasoro, nani atalipia kukirudisha, na ni ndani ya siku ngapi lazima utoe taarifa?

Sheria inasemaje

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Inampa pia mnunuzi nafasi ya kutosha ya kuikagua bidhaa ambayo hakuwahi kuikagua kabla ya kupelekewa. Hata hivyo, sheria hiyohiyo humhesabu mnunuzi kuwa amekwisha kuikubali bidhaa endapo, baada ya kuipokea, ataifanyia tendo lisilopatana na umiliki wa muuzaji, au akikaa nayo kupita muda wa kiasi bila kutoa taarifa kwamba anaikataa. Aliyekwisha kuikubali bidhaa kwa kawaida hawezi tena kuirudisha. Hubaki na haki ya kudai fidia tu.

Hapa ndipo gundi inapoingia. Kubandika shingo, kutoboa tundu jipya au kupaka rangi ni matendo ambayo mtu huyafanya juu ya mali yake mwenyewe. Ukiyatenda, umesema kwa vitendo kwamba umeikubali seti jinsi ilivyo. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, nayo inakataza mienendo ya kibiashara inayopotosha, na muuzaji aliyetangaza kisichokuwemo hujiweka chini ya mkono wake.

Ukweli mwingine usemwe wazi. Muuzaji aliye ng'ambo hafikiki kwa urahisi na sheria za nchi mnunuzi alipo. Ndiyo maana njia ya malipo ina uzito kuliko ahadi ya tangazo. Chagua njia yenye utaratibu wa kupinga malipo bidhaa inapokuwa na kasoro, na ujue siku za mwisho za kufanya hivyo. Fedha iliyotumwa moja kwa moja kwa mtu binafsi ni vigumu kurudi.

Ukaguzi wa meza

Boksi likifika, usilifungue kwa haraka. Lipige picha pande zote, kisha lifungue mahali penye mwanga huku ukiendelea kupiga picha. Hesabu vipande ukivilinganisha na orodha. Baada ya hapo, fanya ukaguzi ufuatao bila kutumia gundi, msasa wala keekee.

Kiwiliwili. Gonga kwa kidole uso na mgongo, polepole, mahali pote. Sauti iwe yenye kuvuma. Ukisikia mchakacho, huenda papi ya ndani imebanduka. Chungulia kwa tochi kupitia matundu ya f. Pitisha ukucha kwenye maungio ya mbavu na uso, utafute nyufa.

Shingo. Ielekeze jichoni kama mtu anayelenga shabaha, utazame kingo zake mbili. Kupinda kidogo kwa kwenda mbele au nyuma hurekebishwa kwa fito ya chuma iliyomo ndani ya shingo, ambayo hukazwa kwa ufunguo wake. Kusokoteka, yaani ukingo mmoja kuinuka kuliko mwingine, hakurekebishwi kwa fito. Shingo iliyosokoteka irudishwe.

Freti. Pima kutoka kwenye kigongo cha juu, pale nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya 12. Kipimo hicho kikizidishwa mara mbili ndicho urefu wa uzi. Kwa gita la milimita 628, freti ya 12 iwe katika milimita 314. Isipokuwa hivyo, gita hilo halitalingana sauti kamwe, hata likikabidhiwa kwa bingwa.

Shingo na kiwiliwili kwa pamoja. Huu ndio ukaguzi mkuu. Ingiza shingo mahali pake bila gundi. Isichezecheze, wala isihitaji nyundo. Kisha fanya vipimo vitatu. Kwanza, nyosha uzi wa kushonea kila upande, kutoka penye nafasi ya uzi wa nje wa kigongo cha juu hadi mahali pa daraja; nyuzi hizo mbili ziwe na umbali sawa kutoka kingo za ubao wa vidole. Ukiona mmoja unakaribia ukingo, shingo imeelekea kando. Pili, laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti hadi ifike penye daraja, kisha simamisha daraja kando yake. Rula ifike karibu na kilele cha daraja likiwa limeshushwa, ili pabaki nafasi ya kulipandisha. Rula ikipita juu sana, au ikigusa uso wa gita, pembe ya shingo si sahihi. Tatu, kama matundu ya nguzo za daraja yamekwisha kutobolewa, pima kutoka kigongo cha juu hadi hapo. Umbali uwe sawa na urefu wa uzi, au uzidi kwa milimita chache tu. Ukipungua, daraja halitaweza kusogezwa vya kutosha.

Vifaa vya umeme. Chini ya nyuzi hukaa pikapu, yaani kifaa chenye sumaku na waya mwembamba uliosokotwa maelfu ya mizunguko, kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa mkondo wa umeme. Ipime kwa multimita. Pikapu zenye koili mbili aghalabu husoma kati ya kiloomu 7 na 9. Ikisoma sifuri, au isisome chochote, huenda ni mbovu. Usiache kipimo hiki kwa kudhani utakifanya baadaye: katika gita la mvungu vifaa vyote huingizwa kwa kupitishwa katika matundu, na kuvitoa tena ni kazi ya nusu siku.

Chochote ulichokiona, kiandike, kipige picha pamoja na rula, na umtumie muuzaji siku hiyohiyo. Usikubali ushauri wa kujaribu kurekebisha kwanza kabla ya kupewa kwa maandishi kwamba haki yako ya kurudisha haitapotea.

Baada ya ukaguzi: mambo yanayoharibu kazi

Seti iliyofaulu ukaguzi ni salama kuundwa. Mahali ambapo wanaoanza huumia ni pachache, nasi tunayataja kwa mpangilio wa kazi.

Hewa. Mbao hunyonya unyevu na kuutoa. Seti iliyosafiri kutoka mbali iachwe wiki moja au mbili katika chumba kitakachotumika kabla ya kubandikwa. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na mwambao wote wazingatie hili zaidi.

Gundi. Gundi ya mbao ya kawaida ya seremala inatosha. Fanya jaribio zima la kubana kwa vibano bila gundi, ukitia vipande vya mbao laini chini ya vibano ili visiache alama. Kisha paka, bana, hakiki tena zile nyuzi mbili za kushonea, na uache saa 24. Futa gundi inayovuja kwa kitambaa chenye maji, kwani pale ilipokaukia rangi haitaingia na patabaki baka jeupe.

Msasa. Uso wa tabaka una ngozi ya juu nyembamba mno, mara nyingi isiyofika milimita moja. Mashine ya msasa huitoboa kwa dakika. Tumia mkono, kibao, na msasa namba 180 hadi 320, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Vaa barakoa.

Rangi. Vanishi ya kupulizia huwaka moto kwa urahisi na mvuke wake una madhara. Itumike nje, mbali na jiko. Baadhi ya vanishi zikipuliziwa siku yenye unyevu mwingi hugeuka ukungu mweupe. Mafuta ya kupaka kwa kitambaa ni mepesi kwa anayeanza, lakini yana hatari yake: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize katika maji.

Nyaya. Chora matundu ya gita kwenye kipande cha boksi, yatoboe, na ulehemu vifaa vyote hapo juu. Kisha funga uzi imara kwenye kila kishina cha swichi, pitisha mzigo wote ndani ya gita, na uvute kila uzi utokee kwenye tundu lake. Lehemu nyingi huwa na risasi. Fungua madirisha, nawa mikono kabla ya kula, na uwaweke watoto mbali.

Ardhi. Usisahau waya unaotoka kwenye vifaa vya umeme hadi kwenye chuma kinachoshika mikia ya nyuzi. Ukikosekana, gita litanguruma. Lakini kumbuka maana yake: nyuzi unazozigusa zimeunganishwa na mwili wa chuma wa amplifaya, na amplifaya imechomekwa katika umeme wa nyumba. Usitumie amplifaya iliyokatwa pini ya ardhi, wala plagi ya kuungia isiyo na ardhi. Hili si suala la ubora wa sauti bali la uhai.

Nyuzi. Seti ya kawaida ya nyuzi za inchi 0.010 hadi 0.046 huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 40. Kaza kidogo kidogo, uzi baada ya uzi. Kama daraja halikufungwa kwa nguzo, bali limeshikwa na mkandamizo wa nyuzi pekee, lisogeze hadi sauti ya uzi uliobonyezwa kwenye freti ya 12 ilingane na sauti nyororo inayotoka uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyo. Wakati wa kubadilisha nyuzi, badilisha mmojammoja, la sivyo daraja litahama.

Kumbukumbu na malalamiko

Weka katika bahasha moja tangazo lililochapishwa, risiti, mawasiliano yote, hati za forodha, picha za boksi na vipimo vya ukaguzi. Muuzaji aliye nchini akikataa kuwajibika, mwandikie barua ukieleza kasoro, unachodai na siku unayotaka jibu. Asipojibu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na nakala za bahasha hiyo. Kwa muuzaji wa ng'ambo, anzia kwa benki au mtandao uliopitishia malipo, kabla siku za kupinga hazijaisha.

Ukaguzi tulioueleza huchukua alasiri moja na hauhitaji zana zaidi ya rula, uzi wa kushonea, tochi na multimita. Ufanye kwanza, ndipo ufungue kopo la gundi.